Ufunguo wa Njia ya Tisa

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 11 Januari.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya kuombea msamaha, kama utakavyoona huko mbele.

Kabla ya yote nataka kujua hali yako. Nyonga inaendeleaje? Binti yako ameniandikia kwamba sasa unakwenda mpaka dukani na kurudi, na fimbo umeiweka kwapani kama mwavuli siku ya jua. Nimefurahi sana, lakini usijitie ujana. Daktari alikupa fimbo uitumie chini, si kwapani. Macho nayo je? Kama maandishi yangu ni madogo, mpe binti yako akusomee, ila mwambie asiruke pale nitakapojisema vibaya.

Sisi huku hatujambo. Dada yako, yaani mama yangu, ni mzima na mdomo wake ni mzima pia. Analalamika kwamba ukimpigia simu unauliza hali ya hewa halafu unakata. Mume wangu amemaliza kuezeka upya karakana yake ya viti, na mvua ya juzi haikuingia hata tone. Goti langu, ambalo katika kila barua unaliuliza kana kwamba ni mtoto wangu wa tatu, linakusalimu. Habari zake nitakupa, maana limo ndani ya kisa.

Sasa kaa vizuri. Mzee Honi amestaafu. Mwezi uliopita alirudisha ufunguo, akalia kidogo, akapiga honi mara tatu langoni, akaenda zake. Kwa hiyo tangu siku hiyo, mtu wa kwanza katika mstari wa kuchagua njia ni mimi. Mpwa wako, uliyemwona akizimisha gari mara kumi na nne kabla ya kutoka uwanjani, leo ndiye mkongwe wa bohari.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini binti yako anayesoma huenda hajui. Jumatatu ya kwanza ya kila mwaka madereva wote wa kusambaza mizigo tunajipanga mbele ya ule ubao, aliyeanza kazi zamani mbele, mgeni nyuma. Ubaoni kuna misumari kumi, safu mbili za mitano mitano, na kila msumari una ufunguo wa njia moja. Unaitwa, unakwenda, unachukua ufunguo wa njia utakayoiendesha mwaka mzima. Ukishika umeshika. Hata ukiugusa tu kwa kidole, ni wako.

Na hapo ndipo nilipokutia aibu miaka kumi na miwili iliyopita. Ulikuwa umestaafu wiki ile ile, na njia yako ya Nne, tambarare tupu, maduka makubwa yenye mlango wa kushushia mizigo, ikawa haina mwenyewe. Ukawazungukia wenzako mmoja mmoja ukiwaomba wamwachie mpwa wako. Wakakubali, na wengine wao najua iliwauma. Ukaja siku yenyewe umevaa koti lako la harusi kunitazama nikipokea zawadi yako. Kumbe mpaka rangi alikuwa ameushusha ubao, na alipourudishia misumari aliigeuza safu, ya juu ikawa chini na ya chini ikawa juu. Namba zilikuwa pale pale, kubwa, nyeupe. Mimi sikuzisoma. Kwa miaka yote nilikuwa nimeutamani msumari wa nne kutoka kushoto, safu ya juu, na mkono ulikwenda pale wenyewe.

Nikageuka nikiwa nimeuinua ufunguo juu, ninacheka peke yangu. Nilikuwa nimeshika wa Tisa. Njia ya kilimani. Njia ya ngazi, ambayo hata wageni walikuwa wakiiombea mtu mwingine. Wewe ulikaa juu ya katoni, ukavua kofia, ukasema neno ambalo watu huku bado wanalirudia:

"Mpwa wangu, mkono umekuja nao kazini, macho umeyaacha nyumbani."

Watu walicheka mpaka machozi. Wewe ulicheka pia, lakini nilikuona ulivyokuwa ukiikunjakunja ile kofia. Ndipo nikapewa jina la Mama Ngazi.

Sasa Mjomba, lile la msamaha. Kila Januari umekuwa ukiniuliza kama safari hii nimepata ya Nne, na kila Januari nimekujibu kwamba imewahiwa. Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa kweli. Baada ya hapo nilikuwa nakudanganya. Si chini ya mara tano ufunguo wa njia yako ulikuwa ukining'inia mbele ya pua yangu, na mimi nikaupita nikachukua wa Tisa. Nilisema mwaka huu tu, halafu mwaka huu tena. Niliona haya kukuambia kwamba zawadi uliyoizungukia watu wote wale, mimi siitaki.

Si kwamba njia yako ni mbaya. Ni nzuri mno kwa mtu anayependa kushusha maboksi arobaini kwa karani mmoja ambaye anagonga muhuri bila kuinua uso. Mimi kule juu nagonga milango themanini na kitu kwa siku, na kila mlango una uso. Fundi cherehani wa kibaraza cha juu kabisa ananipigia miluzi akiliona gari. Mwalimu mstaafu mwenye mlango wa kijani hawezi kushuka ngazi hata nne, dawa zake za mwezi nampelekea mimi, na lazima kwanza anisahihishie namna nilivyoandika jina lake. Najua mbwa yupi ni wa kelele na yupi ni wa meno. Nilifika pale kwa makosa, nikabaki kwa mapenzi. Nimelisema, na roho imetulia.

Basi mwezi wa kumi na moja tulipata msimamizi mpya. Kijana mpole, viatu vinang'aa, kompyuta haimtoki mkononi. Si mtu mbaya, nisitie chumvi. Akatuita, akatuonyesha mistari ya rangi kwenye kioo, akasema mwaka mpya njia ya Tisa inaondolewa ubaoni. Inachelewa kila siku, inamalizika saa kumi na moja jioni, na bado inarudisha vifurushi kumi, kumi na mbili. Kilima watapewa watu wa pikipiki kutoka nje. Mzigo usiobebeka kwa pikipiki, wenyewe watakuja kuuchukua bohari. Nikamfikiria yule mwalimu. Halafu akanigeukia mbele ya wote.

"Mama, umetumika vya kutosha. Mwaka mpya wewe ndiye wa kwanza. Chukua ya Nne ukapumzike."

Wenzangu wakanipongeza. Kimya, yule anayenifuata kwa miaka ya kazi tangu aliyekuwa akiichukua ya Nne baada yangu aache kazi, mtu ambaye tangu aajiriwe hajamaliza sentensi mbili mfululizo, alinipa mkono. Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Niliona kama mgeni ameingia nyumbani kwangu, akatazama kuta, akaniambia nihame kwa faida yangu.

Ubaya ni kwamba hakuwa amesema uongo. Nilikuwa nachelewa. Goti lilikuwa limevimba tangu katikati ya mwaka, na daktari aliniambia waziwazi kwamba ngazi si neno na mzigo si neno, ila kupanda ngazi nikiwa na mzigo, basi. Nilipotoka kwake nilikaa garini nikijiuliza kama huu ndio mwisho wa Mama Ngazi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Sikukumbuka njia ya Nne. Nilikumbuka miaka ile ya nyuma zaidi, ulipokuwa ukiendesha lori la soda na kunifundisha gia ndani ya lori hilo hilo. Kuna mtaa mmoja wa mteremko tulikuwa tukiupita wote bila kushusha kreti hata moja, tunazunguka, tunauanzia juu. Nikakuuliza mbona tunachoma mafuta bure. Ukanijibu huku macho yako yakiwa barabarani: "Kreti iteremke, mimi nitapanda mikono mitupu." Nilidhani ni uvivu.

Mjomba, nimeendesha kilima kile miaka kumi na miwili kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ndivyo aliyenitangulia alivyokuwa akikiendesha, na kompyuta nayo ilikuwa imejifunza kwetu. Kilima kina vichochoro sita, kimoja juu ya kingine kama rafu za kabati, na gari linapita katika kila kimoja. Nyumba zilizo katikati zinafikiwa kwa ngazi tu. Ukitokea chini, unaegesha, unabeba mzigo unapanda nao. Ukitokea juu, unaegesha, unateremka na mzigo, unarudi ukijishikilia kwenye ukuta na huna kitu mkononi. Ngazi ni zile zile. Goti litaona tofauti. Ila kufika juu kwanza ni lazima kuzungukia barabara ya nyuma, ya tangi la maji, kilomita nane zaidi.

Nikapiga moyo konde nikamwendea msimamizi. Nikamwomba wiki moja niendeshe ninavyojua mimi. Alipoona zile kilomita nane alikuna kichwa. Mwishowe akasema wiki moja, na Ijumaa atapanda gari langu ajionee mwenyewe. Kama sitamaliza kabla ya saa tisa, au nikirudisha zaidi ya vifurushi vitatu, ufunguo wa Tisa unatoka ubaoni na hatutazungumza tena.

Jumatatu ya wiki hiyo, naomba usicheke, au cheka lakini ukiwa umekaa kwa sababu ya nyonga. Nilizunguka tangi la maji kwa madaha yote, nikafika kichochoro cha juu kabisa, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, saa mbili na nusu asubuhi, hewa safi, nikafungua mlango wa nyuma wa gari. Mbele yangu ilikuwa mizigo ya chini. Yote. Nilikuwa nimeigeuza njia bila kugeuza upakiaji. Mikono hii hii, ile ya ubaoni, ilikuwa imepakia kama ilivyozoea, vya kwanza vikae mlangoni na vya mwisho vikae ndani kabisa. Mzigo wa fundi cherehani ulikuwa umeegemea kiti changu, na kati yangu na mzigo huo kulikuwa na gari zima.

Ilibidi nishushe kila kitu kichochoroni. Maboksi, magunia ya chakula cha kuku, kioo cha kabati, ndoo za rangi. Watu wakatoka kutazama, wakadhani nimefungua duka. Bibi mmoja alizunguka mara mbili, akaipapasa ndoo, akaniuliza: "Hiyo ya bluu unauzaje?" Siku hiyo nilimaliza saa kumi na mbili kasoro, nikarudisha vifurushi kumi na tisa. Haijapata kutokea. Msimamizi alitazama kioo chake, akahesabu siku zilizobaki kwa vidole.

Jumanne nilifika bohari saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikachukua chaki, nikagawa sakafu ya gari vyumba sita, kila kichochoro chumba chake, cha juu karibu na mlango, cha chini nyuma ya kiti changu. Kila nilipoinua boksi nilijilazimisha kulisoma kwa sauti kabla ya kuliweka. Kimya alinipita, akasimama, akaniangalia nikisema peke yangu, akaenda. Nilimaliza saa tisa na robo, nimerudisha sita. Jumatano saa tisa kamili, nimerudisha wanne, na usiniulize kwa nini nawaita wanne. Alhamisi nilibaki na kimoja tu, na goti lilikaa kimya mpaka nikajiuliza kama limehama.

Ijumaa msimamizi akapanda, na vile viatu vyake. Tulipopita nyumba za kwanza bila kusimama alinitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena. Nikakanyaga mafuta. Kibaraza cha juu nilifungua mlango na mzigo wa fundi cherehani ulikuwa pale, wa kwanza, umenikodolea macho. Nilipomaliza nyumba saba alisema anataka kuona kwa miguu yake. Nikampa boksi la vigae. Tuliteremka ngazi hamsini na tatu, akaweka, tukapanda. Juu alikuwa anahema lakini anatabasamu. Halafu nikamchezea kidogo, Mjomba, Mungu anisamehe. Kichochoro cha tatu nikamwomba abebe boksi jingine la vigae, safari hii kutoka chini kwenda juu, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Ngazi ya thelathini alikaa. Hakuulizia tena zile kilomita nane.

Tulikabidhi kifurushi cha mwisho saa nane na dakika ishirini. Tulikuwa hatuna cha kurudisha. Sakafu ya gari ilikuwa tupu, na chaki yangu inaonekana. Nilizima injini pale chini ya kilima, nikaweka mikono juu ya usukani, nikalia kidogo kwa furaha bila kujificha. Yeye alikuwa akivifuta viatu vyake kwa karatasi.

"Nani alikufundisha hivi?" akaniuliza.

"Mjomba wangu," nikamwambia. "Kwa kreti za soda."

Akaliandika. Nakuapia, aliliandika kwenye ile kompyuta.

Ndiyo maana Jumatatu iliyopita ubao ulikuwa na funguo zote kumi. Bohari ilijaa, hata Mzee Honi alikuja na mkewe, akaketi pale pale ulipokaa wewe siku ile. Mama naye nilimleta. Msimamizi akasema tu, "Wa kwanza." Nikatoka mstarini. Njia ya kwenda ubaoni ni hatua kumi, lakini siku hiyo nilizihesabu, kwa kuwa hakukuwa na mtu mbele yangu wala aliyekuwa akinisukuma nyuma, na funguo zote zilikuwa zangu kuchagua. Nilisimama. Nikasoma namba kwa sauti, moja baada ya moja, kuanzia Kumi kurudi nyuma, na watu wakaanza kucheka wakijua ninachofanya. Nilipofika Nne niliinamisha kichwa. Ile ilikuwa kwa ajili yako, Mjomba. Niliushukuru ufunguo wako, na sikuugusa.

Kisha nikainua mkono mpaka safu ya juu, msumari wa nne kutoka kushoto, ule ule, nikashika wa Tisa. Bohari ikalipuka. Waligonga makatoni, waligonga milango ya magari, na Mzee Honi akaenda nje kupiga honi ya gari lisilo lake. Mama alikuwa akipiga vigelegele huku akimweleza kila aliye karibu kwamba ni yeye aliyenizaa, kana kwamba kuna mtu aliyebisha.

Najua utauliza ya Nne ameshika nani. Ni Kimya. Aliushika kwa mikono miwili, akageukia watu, akasema, "Nimeingoja miaka tisa." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote tulizowahi kumsikia. Nimemwelekeza mlango wa kushushia mizigo wenye kizingiti kibovu, ule uliokuvunja kidole. Iko mikononi mwa mtu anayeipenda, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nayo. Nina hakika zawadi yako imefika, ila imezunguka tangi la maji kwanza.

Njia nyingine tatu nazo zimeanza kugeuzwa mwaka huu, na msimamizi sasa anatuuliza sisi kabla ya kuiuliza kompyuta. Daktari naye amelibonyezabonyeza goti na kusema niendelee na chochote ninachokifanya. Sikumwambia kwamba ninachokifanya ni ngazi.

Nisamehe basi kwa ule uongo wa miaka. Siku ile ulisema nimekuja na mkono nikaacha macho. Safari hii nilikwenda na vyote, na mkono umerudi pale pale.

Msalimie sana binti yako, na umshukuru kwa kukusomea bila kuruka. Msalimie mkwe wako fundi bomba, mwambie ile spana yake bado iko kwangu na inafanya kazi vizuri. Mama anakusalimu na anakuagiza umpigie simu ndefu. Mume wangu anakusalimu, na amekutengenezea kiti kirefu cha mtu mwenye nyonga, kitakuja kwa lori la mwisho wa mwezi. Nitakipakia mwenyewe, karibu na mlango.

Mungu akujalie afya, akuongezee miaka, na kila ngazi iliyobaki uiteremke ukiwa na mzigo na uipande mikono mitupu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,

Mama Ngazi,
dereva wa Njia ya Tisa kwa hiari yake mwenyewe.